Usizoe Jivu Hujauliza Moto

Kuku, jamani! Kuku ndio waliomwokoa Bibi! Wamesimama juu ya lundo la jivu, manyoya yamewavimba kwa baridi, hawashuki hata ukiwatupia punje, na Bibi wa watu amejiinamia pale migombani analia, hajui kwamba dawa ya kilio chake iko chini ya miguu ya kuku!

Ngojeni, nimeanzia katikati. Sogezeni huo ungo nikae, miguu sina. Kile kilima cha kwa Bibi Nakiete kinapandwa na mbuzi, si binadamu. Nimepanda, nimeshuka, narudi hapa nakuta mahindi hamjafika hata nusu! Sifaeli, nirushie hindi nipukuchue huku naongea. Ila mkinikatisha naacha, nawaambia kabisa.

Si mliuliza wenyewe asubuhi? Mbonea ulikuta lile kapu la Bibi pembeni ya jiko limejaa mablanketi makuukuu, ukajifanya mtu wa usafi, ukaanza kuyatoa uyaanike. Bibi Namvua akakudaka mkono. "Usizoe jivu hujauliza moto." Kumbe ndani ya mablanketi kuna sufuria ya maharage, yamechemka kidogo tu kwenye gesi, Bibi kayafunga mle yajimalizie yenyewe bila kuunguza gesi ya watu. Mkamuuliza hayo maneno ya jivu yametoka wapi, akasema, "Kamuulizeni Nakiete, yeye ndiye aliyepewa mdomo." Halafu akaenda zake kulala.

Basi nimekwenda, nimeuliza, na Bibi Nakiete na yale meno yake machache amenimwagia yote, mengine anayasema anacheka, mengine anayasema anaangalia ukutani. Methali ndiyo hiyo mliyoisikia, na chanzo chake ni hiki hapa.

Bibi yetu Namvua hakuzaliwa huku mlimani. Alizaliwa kule chini, tambarare, ambako ukitoka nje ya nyumba unaokota kuni za migunga zimekauka zenyewe, unawasha, zinawaka hata kama hujui kuwasha. Kule kwao mwanamke msafi alijulikana kwa jiko lake. Alfajiri unazoa jivu lote la jana, unafagia, unasiliba mafiga kwa udongo, ndipo unawasha moto mpya. Jivu likikutwa jikoni jua limetoka, majirani wanauliza kama mama wa nyumba hiyo anaumwa.

Babu Kajeri akashuka huko, akamwona, akampenda, akampandisha huku.

Na huku juu, Mungu wangu, ni ukungu na manyunyu. Kuni zilikuwa mbali. Msitu wa karibu ulishafungwa usikatwe, kwa hiyo wanawake walivuka kilima cha pili kufuata matawi yaliyoanguka. Wanatoka alfajiri, wanarudi jua limeshageuka, mzigo uko mgongoni na kamba iko kwenye paji la uso. Bibi Nakiete kanionyesha. Mpaka leo paji lake lina kama mfereji hivi, ukipitisha kidole unausikia. Ameniambia, "Mjukuu wangu, sisi tulikuwa tunapika mara mbili. Kwanza tunapika kwa miguu, halafu ndiyo tunapika kwa moto."

Na chakula chenyewe cha huku ni nini? Makande! Mahindi na maharage, vitu vinavyokula kuni kama vile vina ugomvi nazo. Ukisema uyaivishe kwa moto wa kuwaka tangu mwanzo hadi mwisho, mzigo wa kutwa nzima unaishia kwenye chungu kimoja. Ndiyo maana watu wa kule chini wanatucheka mpaka leo, eti sisi Wapare hata moto tunaulaza ili tuutumie tena kesho. Waache wacheke. Ni kweli tulikuwa tunaulaza.

Mama mkwe wa Bibi, ambaye watu wote walimwita Mama Kajeri, alikuwa fundi wa kazi hiyo. Magoti yalishamkataa, kuvuka kilima cha pili hawezi tena, kwa hiyo kila kijiti kilichoingia nyumbani kililetwa na mgongo wa mtu mwingine na yeye alilijua hilo. Alikuwa anafanya hivi. Jioni anachemsha makande kwenye chungu kikubwa cha udongo, yanachemka sawasawa, basi. Haongezi kuni. Anasukumia makaa chini na pembeni, anapenyeza kisiki kimoja cha mti mgumu ambacho kimeshika moto vizuri, halafu anachota jivu kwa kigae na kuvifukia vyote, makaa na kisiki na chungu, mpaka shingoni. Anakipigapiga kile kichuguu cha jivu kwa kiganja kama mtu anayembembeleza mtoto. Ukiingia asubuhi huoni cheche, huoni moshi. Unaona kilima cha kijivu na mfuniko juu. Lakini ukifunua chungu, makande yameiva yamelegea, na ukifukua jivu, moto upo, mwekundu, unakusubiri.

Namvua hakuwahi kuona hayo. Bibi harusi mpya, siku zake za kukaa ndani ndiyo kwanza zilikuwa zinaisha. Alikuwa hajaruhusiwa kugusa chungu wala kuni, kwa hiyo usiku wote jiko likilazwa yeye yuko chumbani.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Kule juu ya mashamba kuna ndiva, lile bwawa la kukusanya maji ya mifereji, mmeliona. Ukuta wake ulikuwa umebomoka, na mvua zilikuwa zinaelekea kuisha. Usipozibwa upesi, kiangazi kinawakuta bwawa tupu. Basi likapigwa baragumu la msaragambo, kila nyumba itoe mtu wa kubeba mawe na udongo. Na kila siku ya kazi, nyumba moja inapika kwa ajili ya wafanyakazi wote. Sheria ilikuwa moja, na msimamizi wa ndiva, mzee Senkondo, alikuwa haitanii. Nyumba ikishindwa kulisha siku yake, kwenye zamu za maji inarudishwa mkiani.

Mkiani maana yake nini? Maana yake kiangazi unangoja wote wamwagilie, halafu unafunguliwa matope na vyura.

Siku hiyo zamu ya kupika ilikuwa ya Mama Kajeri. Kuni ndani zilibaki za kuhesabika kwenye kiganja, maana manyunyu yalikuwa hayajaacha, na za kilimani zote zimelowa. Jioni wakachemsha chungu kikubwa kuliko vyote, wakakilaza kwenye jivu kama kawaida. Mama Kajeri akaenda kulala, hana wasiwasi hata kidogo. Chakula kiko jikoni kinajipika.

Namvua naye huko chumbani hakulala. Furaha! Kesho ndiyo siku ya kwanza anaruhusiwa kushika kazi, na wageni ni msaragambo mzima. Akasema moyoni, watanijua kwamba nimetoka kwenye nyumba ya watu.

Akawika jogoo wa kwanza, yeye yuko jikoni. Anaangalia, anaona nini? Kichuguu cha jivu! Jivu limepanda mpaka kwenye shingo ya chungu! Akashika kifua. Maskini mama mkwe wangu, magoti yake, hakuna hata wa kumzolea jivu, limerundikana tangu lini? Akanyanyua chungu, kina joto, akadhani ni la jioni, akakiweka pembeni kwenye sakafu ya baridi. Akalikokota jivu gizani kwa kigae, mabonge kwa mabonge, akajaza kapu lililosilibwa udongo, akalipeleka migombani kwenye manyunyu, akarudi, akajaza tena. Mafiga akayafagia. Hakuishia hapo, mwenzangu! Akaponda udongo mwekundu, akasiliba jiko lote, likang'aa, likawa kama la siku ya sikukuu. Kisha akanawa, akajifunga khanga mpya, akasimama pembeni ya mlango anangoja kusifiwa.

Aliyeingia wa kwanza ni Nakiete. Huyu alikuwa dada wa Babu Kajeri, kwa hiyo ni wifi, na wifi mnawajua. Akatazama mafiga. Akamtazama Namvua. Akatazama mafiga tena.

"Wifi," akasema polepole, "moto umeuweka wapi?"

"Moto gani, wifi? Hapakuwa na moto. Lilikuwa jivu tupu."

"Na jivu?"

"Nimelitupa migombani. Limekuwa jingi, wifi, sijui mlikuwa mmeliacha tangu lini."

Bibi Nakiete anasema hapo alicheka mpaka akaegemea ukuta, lakini si kicheko cha raha. "Mama! Mama, njoo uone mkweo msafi! Ametusafishia jiko, ametusafishia na chakula cha msaragambo!"

Mama Kajeri akaja anajikongoja na fimbo yake. Akainama kwa shida, akafunua chungu, akatoa punje moja ya mahindi na haragwe moja, akatafuna. Yalisikika, kra, kra, kama mtu anatafuna changarawe. Chungu kilikuwa kimepoa. Na nyie mnajua maharage yakipoa katikati ya kuiva yanavyonuna. Unaweza kuyachemsha mpaka ukachemka wewe.

Akaketi kwenye kigoda. Akaweka fimbo chini. Namvua akapiga magoti mbele yake.

"Mama, nisamehe. Kwetu jivu likiwa jikoni asubuhi ni aibu."

"Najua, mwanangu."

"Nilitaka uamke ukute pasafi."

"Nimepakuta pasafi." Mama Kajeri akafumba macho. "Niache kidogo nichoke."

Hayo ndiyo maneno yaliyomuua Bibi. Angegombezwa angelia, yangeisha. Lakini mama mkwe anakuambia umwache achoke, unafanya nini? Unakwenda wapi? Na huko juu baragumu linalia, watu wanaanza kubeba mawe kwa tumaini la chungu hicho hicho.

"Kaa la moto nitaomba kwa jirani," Namvua akasema.

"Kaa utapewa," Nakiete akamjibu. "Na kuni je? Nani atakupa kuni leo? Nenda kilimani basi, wifi, kwa khanga hiyo mpya. Utarudi jioni na ukuni wa maji, uwafukizie wafanyakazi moshi wanywe." Halafu ndipo akasema, mkono kiunoni, akiwa anatoka mlangoni: "Mtu hazoi jivu hajauliza moto! Huko kwenu hamkufundishwa?"

Namvua akatoka nje asionekane analia. Akaenda pale pale migombani, mahali alipoitupa aibu yake kwa mikono miwili. Na hapo ndipo walipokuwa wale kuku.

Kuku wa nyumba nzima! Asubuhi ya baridi vile, ukungu unaingia mpaka mdomoni, kuku hawakuwa uvunguni wala chini ya dari. Wamejipanga juu ya lundo la jivu, wamekunja mguu mmoja mmoja, wamefumba macho wanaota moto. Namvua akawapungia khanga, hawaendi. Akamsukuma mmoja, akarudi pale pale, tena kwa hasira. Ndipo akili ikamjia. Kuku hasimami kwenye manyunyu bila sababu.

Akaingiza mkono. Akautoa haraka, umeungua! Bibi Nakiete anasema alisikia ukelele huko ndani akadhani nyoka. Akatoka mbio, akamkuta bibi harusi amepiga magoti kwenye tope, khanga mpya imekuwa ya kijivu, anafukua kwa kigae huku anawazomea kuku. Juu jivu limelowa limekuwa uji. Lakini ndani, jamani, ndani lilikuwa kavu na la moto, na katikati yake kile kisiki cha Mama Kajeri kimelala, chekundu, hakijui hata kama kimehama nyumba.

Akakirudisha jikoni ndani ya jivu lake. Mama Kajeri akafumbua macho. Akakitazama kisiki, akamtazama mkwewe, vidole vimevimba.

"Kimebaki," Namvua akasema.

"Kingekosaje kubaki, kwani ulikitoa kwenye blanketi lake? Ulikihamisha na kitanda chote." Akanyoosha mkono apewe fimbo. "Haya. Zile kuni chache ziwekwe zote. Tukichemshe chungu mara moja, kichemke kwelikweli, tusizichezee. Baada ya hapo hatuna ukuni mwingine, tuna kisiki hiki na jivu tu. Na jivu lililobaki kavu halitoshi hata kufunika mguu wa chungu hiki. Nenda kaombe."

"Nikaombe kuni, mama?"

"Kaombe jivu."

Hebu fikirini. Bibi harusi hajamaliza hata mwezi, anapita nyumba kwa nyumba na lile kapu la kusilibwa kichwani, anabisha hodi. "Shikamoo, mama. Naomba jivu la moto." Watu wanatoka nje kumtazama vizuri. Mwanamke anaomba chumvi, anaomba kaa, anaomba hata sindano. Jivu? La moto? La nini, binti? Na yeye hawezi kudanganya, kwa sababu anayeomba jivu sharti aseme lake lilikwenda wapi. Kwa hiyo kila mlango anaeleza upya. "Nililitupa, mama. Nilidhani ni uchafu." Wengine walicheka wakaita na walio ndani waje wasikie. Mmoja alimwambia, "Mwenzetu, ukimaliza kwako uje unifagilie na mimi." Lakini walimpa. Bibi Nakiete anasema hakuna nyumba iliyomnyima, maana kila mwanamke pale alijua uzito wa zile kuni. Walichota la moto kwenye majiko yao wakamjazia, akabeba, akarudi, akamwaga, akatoka tena. Alipanda na kushuka ile njia ya utelezi mpaka jivu likatosha.

Wakachemsha. Chungu kikavuma, kikatoa povu, kuni zikaisha. Wakasukumia kisiki chini, wakamwaga lile jivu la kijiji kizima mpaka shingoni, wakafunika, wakapigapiga. Moto ukapotea machoni. Kilichobaki ni kungoja. Mama Kajeri akarudi kwenye kigoda, Namvua akakaa chini kwenye udongo, mgongo kwenye ukuta. Nakiete naye akakaa. Anasema ni mara ya kwanza kukaa karibu na wifi yake, na hakumpenda, ila alikuwa amechoka kiasi kwamba kumchukia nako kulitaka nguvu.

Jua likafika kichwani nyuma ya ukungu. Huko ndiva watu wanatupa jicho huku chini, kwenye nyumba ya Mama Kajeri. Hawaoni moshi. Nyumba yenye zamu ya kulisha watu wote, mchana, hata uzi wa moshi hautoki! Minong'ono ikaanza. Mzee Senkondo akatundika baragumu lake begani, akashuka na wanaume kadhaa wenye tope mpaka magotini, na Babu Kajeri nyuma yao, kichwa chini, maana amewaona wenzake wanavyomwangalia.

Wakaingia uani. Mzee Senkondo akachungulia jikoni. Jiko limesilibwa linang'aa, kichuguu cha kijivu katikati, wanawake watatu wamekaa kimya kama kwenye msiba.

"Mama Kajeri," akasema, na sauti yake haikuwa mbaya, ndilo jambo lililouma. "Sisi hatukulaumu. Umri umekwenda, magoti tunayajua. Nyumba hii imefanya kazi yake, sasa imebaki jivu. Tutawapeleka watu wakale kwa mwingine, na zamu yenu ya maji tutaihamisha mwisho, ili msisumbuke tena."

Mama Kajeri mwenyewe akainamisha uso. Nakiete anasema alimwona mama yake anazeeka pale pale, kama mtu aliyeshushwa mzigo asiotaka kuushusha.

Na hapo Namvua akasimama. Bibi harusi! Mbele ya msimamizi wa ndiva, mbele ya mume, khanga ya majivu, vidole vimefungwa majani ya mgomba. Haikuwa kawaida mkwe mpya kusemesha wazee hata wakimsalimia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee Senkondo akashangaa hata kuitikia.

"Baba, usizoe jivu hujauliza moto."

Nakiete akasikia maneno yake mwenyewe ya asubuhi, yale aliyoyatupa kama jiwe, yamegeuka yamesimama mlangoni kumlinda mama yake. Anasema alitaka ardhi immeze.

"Umesemaje, binti?"

"Mimi leo nimelizoa, baba, kwa sababu nilitazama kwa macho, sikumuuliza mwenye jiko. Nimepita nyumba zote kuliomba tena, wameshanicheka wote, umebaki wewe. Sasa na wewe unatazama kwa macho. Unamwona mama amekaa kimya, unasema amekwisha. Umemuuliza?"

Mzee mmoja nyuma akakohoa. Mwingine akasema, "Haya, Senkondo, muulize basi, tuna njaa."

Mzee Senkondo akamgeukia Mama Kajeri. "Mama Kajeri, moto upo?"

Mama Kajeri akachukua kigae. Hakumpa mtu mwingine. Akainama na magoti yake yale yale, akakwangua jivu polepole, na mvuke wa joto ukawapiga wote usoni, wanaume wa watu waliokuwa kwenye matope tangu alfajiri wakasogea mbele bila kuambiwa, mikono wameitandaza, kama wale kuku! Akafunua chungu. Harufu ikatoka.

Lakini yameiva au hayajaiva? Hapo hakuna aliyejua, hata Mama Kajeri. Mzee Senkondo akatia upawa, akatoa haragwe, akalipuliza, akalibana kati ya vidole viwili.

Likapondeka.

Akachukua punje ya hindi, akaitia mdomoni. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Akatafuna tena.

"Hindi lina kiburi kidogo," akasema. "Lakini meno yangu yamekaa bila kazi siku nyingi. Pakueni."

Watu wakala. Sitawadanganya, hayakuwa makande ya kusifia, yalikuwa ya kutafuna na kunyamaza. Walikula wamechuchumaa uani kwenye manyunyu, wamechoka hawawezi hata kupiga soga, na kila mara mmoja anasema, "Usizoe jivu," mwenzake anamalizia, "hujauliza moto," wanaguna, wanaendelea kutafuna. Waliporudi ndiva wakayageuza wimbo wa kupokezana mawe. Jioni watoto wanaimba. Ukuta ulipokwisha, maneno yalikuwa yameshavuka kilima cha pili pamoja na wanawake wa kuni. Na zamu ya maji ya Mama Kajeri ikabaki mahali pake.

Wageni walipoondoka, Mama Kajeri akabaki jikoni na mkwewe. Vyombo vimetapakaa, chungu kitupu, udongo mzuri wa asubuhi umekanyagwa wote. Namvua akashika ufagio. Halafu akasimama nao mkononi, hajui afagie wapi.

"Mama," akauliza, "moto umelala upande gani?"

Mama Kajeri akamwonyesha kwa kidole, akalala hapo hapo kwenye mkeka, akaacha jiko mikononi mwake.

Ndiyo hivyo. Kwa hiyo mtu akikuambia kitu kimepoa, shamba limechoka, mzee amekwisha, ndugu hana maana tena, kapu la Bibi ni takataka tu, Mbonea, usikimbilie ufagio. Kaa chini, muulize mwenye jiko. Maana kinachotunza joto hakiwaki mbele za watu, na kuni zilizookolewa hazionekani, unaona jivu tu. Usizoe jivu hujauliza moto.

Bibi Nakiete je, alikula? Hakula! Alikaa na bakuli lake limejaa mpaka likapoa, na alipomaliza kunieleza kwa nini, alinishika mkono akasema nisimwambie Namvua. Sasa hilo siwezi kuwaambia leo. Mikono imekufa ganzi kwa haya magunzi, na Bibi namsikia ameamka, anajikohoza humo ndani. Kesho akienda kanisani, tukutane hapa hapa, nitawaambia.